Mdudu mmoja, matumbo matatu: vidonge vya kinyesi vya Boston, 2019

Kuna kisa kimoja kila nikisikia mtu anauza "bakteria wazuri wa tumbo" kinanijia kichwani, leo acha nikiandike chote maana wengi wanakijua nusu nusu. Ni cha Boston, Marekani, mwaka 2019, hospitali ya Massachusetts General. Madaktari wa pale wenyewe ndo walikiandika, Zachariah DeFilipp na wenzake, wakakitoa hadharani mwaka ule ule bila kujificha, kwa hiyo hapa hatupigi ramli. Kwa ufupi ni wazee wawili wenye magonjwa tofauti kabisa, wote wakamezeshwa vidonge vilivyotengenezwa kwa kinyesi cha mtu mmoja mwenye afya zake, na wote mdudu, yaani bakteria, aliyekuwa ndani ya vidonge vile akaonekana kwenye damu yao. Mmoja alilazwa akatibiwa akapona. Mwingine alikufa kwa sepsisi (nitaieleza huko chini) siku mbili tu toka homa ianze.

Mdudu ni yule yule. Na yule aliyetoa kinyesi, ambaye huyo mdudu alikuwa anaishi kwake, hakuwa na dalili yoyote. Matumbo matatu, majibu matatu, na mimi naona hapo ndo kisa chote kilipo, hayo mengine ni maelezo.

Najua kuna mtu ashakunja pua, vidonge vya kinyesi? Tulia kwanza. Hii kitu sio uganga wa juzi. Denver mwaka 1958 daktari wa upasuaji anaitwa Ben Eiseman alikuwa na wagonjwa wanne ambao utumbo ulikuwa umeharibika vibaya baada ya antibayotiki, akawapa kinyesi cha watu wenye afya kwa njia ya enema, yaani kupitia haja kubwa, wakapona. Ikasahaulika miaka na miaka, halafu kikaibuka kile kidudu Clostridioides difficile, ambacho mtu akishakunywa antibayotiki sana kinajitanua tumboni anaharisha mpaka anakwisha, unampa antibayotiki ya vankomaisini anapata nafuu, ukimaliza dozi kinarudi, unampa tena, kinarudi tena. Mwaka 2013 Waholanzi wakafanya utafiti wa kupima kinyesi dhidi ya vankomaisini na wakaukatisha njiani kwa sababu tofauti ilikuwa ya wazi mno: 13 kati ya 16 walipona kwa kuwekewa kinyesi mara moja tu, wa vankomaisini walipona 4 kati ya 13. Mwaka uliofuata hawa hawa wa Boston wakaja na njia ya kistaarabu zaidi, kinyesi kinachujwa, kinatiwa kwenye kapsuli, kinagandishwa, mgonjwa anameza 15 leo na 15 kesho. Wagonjwa 20 wa mwanzo, 18 waliacha kuharisha. Bila mpira wa puani wala enema. Kwa hiyo hawa sio watu waliobahatisha, walikuwa wenyewe kwenye hiyo fani, na hilo liweke kichwani maana kosa lilikuja kutokea kwa watu wanaojua.

Sasa kwa nini kinyesi kinatibu? Mimi huwa naeleza kwa daladala. Daladala ya Mbagala jioni imejaa, mpaka mlangoni watu wananing'inia, hata konda akupende vipi hupandi. Tumbo zima ndivyo lilivyo, kila siti ina mtu wake, na wengi wao ni bakteria wasiotaka hata hewa ya oksijeni. Wanakula nyuzinyuzi tusizoweza kusaga sisi, wanatoa asidi fupi kama butireti ambayo ndo chakula cha chembe za ukuta wa utumbo mpana, ute unakuwa mzito, vifungo kati ya chembe na chembe vinakaza. Mdudu mgeni akija hapati siti wala chakula. Ukimwaga antibayotiki ni kama umeshusha abiria wote kituoni, gari tupu, wa kwanza kukimbilia siti sio yule mstaarabu, ni mbabe. Na hao wababe, akina E. coli, Klebsiella, Enterococcus, ndo hao hao tunaowakuta kwenye damu za wagonjwa wa sepsisi.

Sepsisi yenyewe mtaani wanaita sumu kwenye damu lakini jina hilo linapoteza. Maelezo yanayotumika toka 2016 yanasema ni pale mwili unapopambana na maambukizi hovyo mpaka viungo vyenyewe vinaanza kuzima, presha inashuka, figo zinagoma, pumzi inakuwa fupi, mtu anaongea vitu havieleweki. Makadirio ya dunia ya mwaka 2017 ni watu milioni 48.9 walioipata na milioni 11 waliokufa, yaani karibu kila vifo vitano kimoja kina sepsisi ndani yake, na mzigo mkubwa kuliko wote uko huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara. Vijidudu vinaingilia mapafuni, kwenye njia ya mkojo, kwenye kidonda, lakini mlango ambao watu hawauoni ni utumbo wenyewe. Ukuta ukilegea na ndani wamejaa wababe, wanavuka.

Haya, turudi Boston.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanaume wa miaka 69, ini lake limekuwa sirosisi, yaani limejaa makovu, kutokana na hepataitisi C. Ini likifika hapo kuna tatizo linawasumbua sana hawa watu, amonia. Bakteria wa utumbo wanatengeneza amonia, kwa kawaida damu yote ya utumbo inapita kwanza kwenye ini inasafishwa, sasa ini limechoka na damu nyingine inapita pembeni kabisa bila kuligusa, amonia inafika kwenye ubongo, mtu anachanganyikiwa, analala mchana, anashindwa kusaini hata jina lake. Tiba ya kawaida ni laktulosi na rifaksimini. Kwake zilikuwa hazitoshi, ndo akaingizwa kwenye utafiti wa kubadilisha bakteria wenyewe kwa vidonge vya kinyesi. Wazo zuri tu, mimi sina ugomvi nalo. Ila ona kilichojificha: ini ile ile inayoshindwa kuchuja amonia ndo ingetakiwa kukamata bakteria wanaovuja kutoka utumboni. Mlinzi wa geti kalala.

Akamaliza dozi zake. Siku 17 baada ya dozi ya mwisho homa 38.9 na kikohozi, picha ya kifua ikaonyesha kivuli, wakasema nimonia, akapewa antibayotiki ya livofloksasini arudi nyumbani. Hapa wala siwalaumu, mtu ana homa, anakohoa, kifua kina kivuli, nani kati yetu angewaza vidonge vya kinyesi? Siku mbili hakuna nafuu, karudi, safari hii damu iliyooteshwa maabara ikatoa vile vijiti vya gramu hasi, kundi la bakteria ambalo kina E. coli wamo. Kalazwa, kabadilishiwa dawa, na mdudu alipotambulika vizuri ilikuwa E. coli mwenye ESBL, basi wakapanda kwenye karbapenemu, jamii ya antibayotiki zenye nguvu zaidi, meropenemu kwanza halafu ertapenemu mpaka siku 14 zikatimia. Akapona.

Kwa wasiokaa maabara, ESBL ni kimeng'enya, ukipenda sema mkasi, ambao bakteria anautoa kukata dawa za jamii ya penisilini na zile sefalosporini tunazozitegemea, seftriaksoni ikiwemo. Na maelekezo ya kutengeneza huo mkasi mara nyingi yamebebwa kwenye kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria anaweza kumpa mwenzake, kama mtu anavyorusha faili kwenye simu ya jirani. Mwenye mkasi huo anaweza kukaa tumboni mwa mtu miezi bila kumdhuru. Kukaa tumboni sio kuumwa. Hii sentensi ingebandikwa ukutani watu wengi wangeacha kutibu karatasi za majibu ya choo badala ya kutibu mgonjwa.

Mgonjwa wa pili ndo anaumiza. Miaka 73, uboho wake ulikuwa hautengenezi damu inavyotakiwa, ule ugonjwa ulio jirani kabisa na kansa ya damu, na alikuwa anajiandaa kupandikizwa chembe mama za damu kutoka kwa mtu mwingine. Hawa wagonjwa wanapigwa kwanza kemo kali ya kuufuta uboho wa zamani. Kemo hiyo haichagui, inaua kila chembe inayozaliana haraka, na ukuta wa utumbo nao unazaliana haraka, kwa hiyo unachubuka kuanzia mdomoni mpaka chini. Halafu kuna siku kadhaa chembe nyeupe ziko chini kabisa wakati uboho mpya haujashika. Hapo mtu hana ukuta wala askari.

Kwa nini sasa mtu wa hivyo apewe bakteria? Kwa sababu kulikuwa na ushahidi, na ushahidi wa nguvu. New York, hospitali ya kansa ya Memorial Sloan Kettering, Ying Taur na wenzake walikuwa wanapima vinyesi vya wagonjwa wa namna hii. Mwaka 2012 walionyesha kwamba mgonjwa ambaye tumbo lake limetawaliwa na lile kundi la kina E. coli hatari ya kuwakuta gramu hasi kwenye damu inapanda mara tano, na wakitawala Enterococcus hatari ya Enterococcus sugu kuingia kwenye damu inapanda mara tisa. Unaona? Kabla damu haijachafuka tumbo linakuwa limeshatekwa. Mwaka 2014 wakaja na wagonjwa 80, waliobaki na bakteria wa aina nyingi tumboni, baada ya miaka mitatu asilimia 67 walikuwa hai, waliobaki na aina chache ni asilimia 36. Ukishasoma namba hizo na wewe ni daktari wa wodi ile, kweli utakaa tu umtazame mgonjwa wako? Boston wakasema tujaribu kumpa mgonjwa bakteria kabla na baada ya kupandikizwa. Yaani mzee huyu alipewa vidonge ili wamkinge na kitu kile kile kilichokuja kumuua. Huwa nikifika hapa nanyamaza kidogo.

Alimeza vidonge vyake siku ya nne na siku ya tatu kabla ya kupandikizwa. Siku ya tano baada ya kupandikizwa, ambayo ni siku nane toka ameze vya mwisho, homa ikapanda mpaka 39.7, baridi, kutetemeka, akili ikaanza kupotea. Wakamuwekea sefepimu, ambayo kwa mgonjwa asiye na chembe nyeupe ni moja ya dawa za kawaida za kuanzia. Lakini sefepimu ni sefalosporini, na mkasi unafahamu kuikata. Ndani ya masaa kalazwa ICU, kawekewa mashine ya kupumua, damu ikatoa gramu hasi wakabadili kwenda meropenemu, dawa sahihi sasa, ila walikuwa wanaikimbilia gari ambayo imeshaondoka. Siku mbili baadaye alifariki. Damu yake ikatoa E. coli mwenye ESBL.

Na kuna kitu kimoja kidogo kwenye ripoti ambacho wengi wanakipita. Huyu mzee alikuwa anapewa antibayotiki ya kinga, sefpodoksimu, ili asipate maambukizi. Hiyo nayo sefalosporini. Kwa hiyo pata picha, tumbo limechubuliwa na kemo, umeingiza bakteria wapya wengi kwa pamoja, halafu juu yake unamwaga dawa inayowaua wastaarabu wengi na kumwacha yule mmoja mwenye mkasi. Daladala imeshushwa abiria wote kabaki mbabe peke yake na gari lote la kwake. Mzee wa kwanza naye alikuwa kwenye rifaksimini, antibayotiki inayofanya kazi ndani ya utumbo. Wote wawili inawezekana dawa iliwalimia mdudu shamba.

Sasa walijuaje kama ni vidonge? Wagonjwa wawili wa wodi tofauti, magonjwa tofauti, madaktari tofauti, kilichowaunganisha ni vidonge tu. Walienda kufungua vidonge vya mchangiaji yule vilivyokuwa vimebaki kwenye friza, wakaviotesha, ESBL akatoka. Wakasoma DNA yote ya mdudu wa kwenye vidonge na ya wadudu wa kwenye damu za wagonjwa, wakakuta ni mmoja. Enzi za zamani tungeangalia tu dawa gani inamuua na gani haimuui tukasema "wanafanana", leo ukisoma DNA nzima hakuna kufanana fanana, ni yeye au sio yeye. Mimi kama mtu wa maabara naomba niringe hapo, maana bila ule ushahidi kukaa kwenye friza kisa hiki kingeandikwa "mgonjwa wa kansa kafa kwa sepsisi" na kingefungwa, na nani angeshangaa? Wagonjwa wa kansa kila siku wanakufa kwa sepsisi.

Lakini friza hiyo hiyo ndo mshtakiwa namba moja.

Ni hivi. Mchangiaji alipimwa, tena sana, maswali ya maisha yake, virusi vya ukimwi, hepataitisi, kaswende, vijidudu vya kuharisha, minyoo. Vidonge vyake vilitengenezwa Novemba 2018. Wakati huo hospitali ilikuwa haipimi ESBL kwenye kinyesi cha wachangiaji. Januari 2019, baada ya mapitio na FDA, ile mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, wakaongeza vipimo na ESBL ikawemo. Safi kabisa. Kila mchangiaji kuanzia hapo anapimwa. Ila vile vidonge vya Novemba vilivyokuwa vimeshagandishwa hakuna aliyevirudia akavipima, na havikutupwa. Vikaendelea kukaa kwenye friza vikiwa halali, na miezi michache baadaye vikatolewa vikamezwa.

Yaani sheria mpya iliwahusu wachangiaji wapya, mzigo wa zamani ukapita katikati. Sayansi walikuwa nayo, kipimo walikuwa nacho tena kwenye jengo lile lile, na sio kipimo cha ajabu, ni sahani ya kuoteshea na dawa kidogo na siku moja mbili za kusubiri. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza swali la kijinga, "na vya zamani je?" Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi stoo anaujua huu ugonjwa. Utaratibu mpya unabandikwa ukutani na kila mtu anasaini, ila hakuna anayepanda ngazi kwenda kuangalia makatoni ya juu.

Tarehe 13 Juni 2019 FDA ikatoa onyo la nchi nzima, ikasimamisha baadhi ya tafiti za kinyesi mpaka zihakikishe mchangiaji anaulizwa kama ana hatari ya kubeba wadudu sugu na kinyesi chake kinapimwa, na mzigo uliokwisha tengenezwa nao uingie humo humo. Machi 2020 likaja onyo lingine la E. coli wa aina nyingine, wale wa kuharisha, safari hiyo kutoka kwenye benki ya kinyesi, kwa hiyo somo halikuingia kwa siku moja.

Kuna watu walitumia kisa hiki kusema biashara yote hii ni upuuzi ifungwe. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Wapo wagonjwa wa C. difficile wengi tu waliotibiwa kwa njia hii wako hai. Na kuna hata kesi moja ya China, iliandikwa 2015, mama wa miaka 44 alifanyiwa upasuaji wa kukata neva ya tumbo, akaingia kwenye sepsisi kali na kuharisha kusikoisha, antibayotiki hazikumsaidia, wakamuwekea kinyesi cha mtu mwenye afya, homa ikashuka, kuharisha kukakata. Sepsisi ikatibiwa kwa kinyesi! Kinyesi ambacho Boston kiliileta. Sasa usikimbie kwenda kusema basi ni tiba ya sepsisi, mgonjwa mmoja ni mgonjwa mmoja, na mpaka leo kinyesi sio tiba inayokubalika ya sepsisi popote. Lakini inakuonyesha swali la "bakteria wa tumbo ni wazuri au wabaya" limekaa vibaya toka mwanzo. Uliza wanaingia tumbo la nani, lina hali gani siku hiyo, na juu yake unammwagia dawa gani.

Angalia watoto wachanga, ni picha ile ile. Odisha, India, vijijini, Pinaki Panigrahi na wenzake waliwapa vichanga bakteria mmoja anayejulikana kwa jina na ukoo, Lactobacillus plantarum, pamoja na sukari ya kumlisha, kwa siku saba tu, kuanzia siku chache baada ya kuzaliwa. Vichanga 4,556. Sepsisi na vifo vikashuka kutoka asilimia 9 mpaka 5.4, utafiti ukasimamishwa mapema kwa matokeo mazuri, majibu yakatoka 2017. Ila ona walichagua watoto gani: uzito kuanzia kilo 2, mimba karibu imetimia, wameshaanza kunyonya, hawana dalili ya ugonjwa. Halafu nenda Marekani 2023, mtoto njiti chini ya kilo 1 hospitalini akapewa bidhaa yenye Bifidobacterium longum, bakteria ambaye sisi wote tunamuita mzuri na yuko kwenye matumbo ya watoto wengi wanaonyonya. Akaingia kwenye damu ya yule mtoto, sepsisi, akafa, DNA ikasomwa, ni yule wa kwenye bidhaa. FDA ikaandikia madaktari wa nchi nzima. Huyo hakuwa na mkasi wala hakuwa mbabe. Alikuta ukuta haujajengwa tu.

Tukirudi kwenye vidonge, Marekani zimeshasajiliwa bidhaa mbili za kuzuia C. difficile isirudi, Rebyota ya kuweka kwa njia ya haja kubwa iliyopitishwa Novemba 2022, na Vowst ya kumeza, Aprili 2023. Vowst inanifurahisha kwa jinsi inavyotengenezwa: kinyesi kinapitishwa kwenye ethanoli. Bakteria wanaotengeneza mbegu ngumu za kujificha wanavumilia, wasiotengeneza wanakufa. E. coli hatengenezi mbegu. Haikubuniwa kwa sababu ya wazee wa Boston, wazo lilikuwepo kabla, lakini ukiisoma baada ya kisa hiki unaona kabisa mlango gani umefungwa, na haijalishi mchangiaji alijaza fomu vizuri au vibaya.

Watu hapa wananiuliza kwetu je. Kwetu tatizo linaanza kwa mchangiaji. Dar es Salaam walipima vinyesi vya watoto 603 wa chini ya miaka miwili, majibu yalitoka 2016, asilimia 34.3 walikuwa na wadudu wenye ESBL tumboni. Theluthi! Waliotoka mtaani bila kuumwa walikuwa wachache kuliko waliotoka hospitali, ila walikuwepo. Boston walikuwa wanamtafuta mmoja mwenye mkasi kati ya watu wengi wasio nao, huku unaweza kupima foleni nzima kabla hujampata anayefaa. Na mgonjwa wako akitumbukia kwenye sepsisi ya ESBL unamwambia ndugu yake akatafute meropenemu, mnajua wenyewe hiyo safari inavyokuwa, famasi hii haipo, ile ipo lakini bei, mpaka ipatikane jioni imeingia. Mzee wa Boston alipata meropenemu ndani ya ICU hapo hapo na bado alikufa. Kwa hiyo nikiona mtu mtandaoni anaelekeza jinsi ya kujitengenezea hiyo kitu nyumbani kwa blenda na kinyesi cha mpwa wake "kwa sababu ni mtoto na ni msafi", natamani nimpigie simu.

Na nimalizie na letu la ndani maana nisijifanye malaika. Wiki niliyoisoma ripoti yote ya Boston, sehemu ya friza ilinikaa vibaya, nikaamka kesho yake nikafungua friza ya maabara niliyokuwa nafanyia kazi, siitaji ni wapi. Nyuma kabisa, chini ya barafu, kulikuwa na boksi la vichupa vya aina ya bakteria tunazotumia kuhakiki vipimo, vingine lebo imefutika, vingine tarehe ya miaka mitatu nyuma, na kwenye utaratibu wetu mpya uliokuwa umebandikwa mlangoni mwa friza hiyo hiyo imeandikwa mwisho ni mwaka mmoja. Saini yangu iko pale chini, ya nne kutoka juu. Nikavitoa vyote nikaviweka kwenye autoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nikaandika kwenye daftari vilikuwa vingapi, halafu nikaanza kufungua droo ya pili.